Wateja kibao kwenye mfumo wetu wana namba moja ya simu: 2147483647. Hii namba ni ya nani?

Mtunza Leja (mleta uzi)

Wakuu salaam. Mimi ni mhasibu, mambo ya kompyuta naishia kwenye Excel, kwa hiyo mnivumilie.

Ofisini tuna mfumo wa kusajili wateja, ulitengenezwa na kijana mmoja ambaye siku hizi simu hapokei. Wiki hii nimetoa orodha ya wadaiwa ili niwatumie ujumbe wa kuwakumbusha. Kufungua safu ya simu, nakuta baadhi wana tarakimu tisa zinazoanza na 7 au 6, sifuri ya mbele imeliwa. Hapo sikushtuka sana. Kilichonishtua ni kwamba wengine, tena wengi, wa Mwanza, wa Songea, wa Tanga, watu wasiojuana kabisa, wote simu yao ni 2147483647. Mama wa vitenge na kampuni ya malori wana namba moja!

Nimeitafuta mtandaoni zimekuja kurasa chungu nzima. Huyu anasema ni simu ya Dallas, Marekani. Yule anasema kompyuta zitakufa 2038. Mwingine anaisifia kwamba ni namba tasa ya aina yake. Meneja wangu yeye ameshaamua kwamba tumedukuliwa. Anayejua anisaidie kabla hajaita polisi.

Ndimu Kavu

Freemason hao. Usiipige mkuu, utaamka bilionea halafu ndugu zako waanze kupungua mmoja mmoja 😂

Kisimani

Mtunza Leja, mwambie meneja apumue, hakuna mdukuzi hapo.

Safu ya simu imewekwa kuwa INT, yaani namba nzima ya biti 32. Biti ni nafasi moja inayobeba 0 au 1. Kati ya hizo 32, moja inakwenda kwenye kutofautisha hasi na chanya, zinabaki 31. Ukizijaza zote 31 kwa 1 unapata 2,147,483,647, na hapo ndipo ukingo wa safu ulipo.

Sasa angalia kilichotokea. Mteja aliyejaza 07xxxxxxxx, mfumo uliisoma kama namba ya hesabu, sifuri ya mbele ikakosa kazi, ikabaki milioni mia saba na ushee. Hiyo inaingia bila shida. Aliyejaza 2557xxxxxxxx ameandika bilioni 255 na zaidi. Haiingii hata kwa dawa. MySQL, yaani programu ya kanzidata inayotunza taarifa za mfumo, isipowekwa kwenye hali ya ukali haikatai. Inaandika namba kubwa kuliko zote inayoweza kuingia, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, maisha yanaendelea. Ndiyo maana mama wa vitenge na wenye malori wamekuwa ndugu.

Fungua fomu za karatasi uone. Wote wenye 2147483647 watakuwa wameanza na 255.

Dawa: safu iwe VARCHAR, maandishi. Simu si namba ya hesabu, hakuna siku utajumlisha simu ya mteja mmoja na ya mwenzake. Zile zilizopotea hazimo popote kwenye mfumo, mtazitafuta kwenye karatasi. Na Dallas inaingizwa humu kwa sababu simu za eneo lile huanza na 214, na namba za Marekani zina tarakimu kumi. Imeangukia hapo tu.

Mtunza Leja

Kisimani, Mungu akuweke. Nimevuta mafaili kabatini na ni hivyohivyo, kila mwenye hiyo namba fomu yake imeanza na 255. Meneja amekaa kimya.

Ila nina swali la kihasibu. Kwa nini ukingo uwe kwenye namba yenye sura mbaya namna hii? Si wangeweka bilioni mbili kamili, mtu ukaelewa?

Mwalimu Chaki

Mhasibu anaiita namba yenye sura mbaya! Haya, uzi umenikuta nikiwa na nafasi.

Chukua mwezi Januari, una siku 31. Tarehe mosi weka shilingi 1 kwenye kibubu. Tarehe 2 weka shilingi 2, tarehe 3 weka 4, kila siku maradufu ya jana. Tarehe 10 utaweka 512. Tarehe 20 utaweka 524,288. Tarehe 31 utatakiwa uje na 1,073,741,824, sijui utazitoa wapi. Vunja kibubu usiku ule uhesabu: 2,147,483,647.

Jumla ya namna hiyo kila mara hupungukiwa na moja tu kufikia maradufu ya siku inayofuata, kwa hiyo namba yetu ni 2^31 − 1, yaani 2 thelathini na moja zikizidishwa pamoja halafu ukatoa moja (hiyo 31 ndiyo huitwa kipeo). Kompyuta huandika namba kwa kibubu hichohicho: kila biti ni siku, 1 maana yake umeweka, 0 hukuweka. Kwa kuchagua siku za kuweka na za kuruka unaweza kupata kila kiasi kuanzia 0 hadi 2,147,483,647, na kila kiasi kina njia moja tu ya kukipata. Ukiitazama kwa jicho la kompyuta ni 1 zimepangwa mstari, thelathini na moja, kwa hiyo hakuna namba yenye sura nzuri kuliko hiyo. Ubaya umeletwa na sisi kuhesabu kwa makumi.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Yule aliyesema ni namba tasa hakukosea. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe, na kulijua hilo kuliwatoa watu jasho karibu miaka mia mbili.

Tasa zenye umbo la 2^p − 1 zina jina la mtawa mmoja Mfaransa, Marin Mersenne. Ili 2^p − 1 iwe tasa, kipeo p lazima nacho kiwe tasa. Hilo ni sharti, si dhamana: 11 ni tasa, lakini 2^11 − 1 ni 2047, na 2047 ni 23 × 89. Mwaka 1603 Pietro Cataldi wa Bologna alichapa kazi yake. Kipeo 17 na 19 alivithibitisha kwa kugawanya mpaka mwisho, akapatia. Kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa tasa. Kati ya vinne hivyo ni 31 peke yake iliyosimama. Wanahisabati wa baadaye ndio waliomwangusha: Fermat kwenye 23 na 37, Euler kwenye 29. Mersenne mwenyewe mwaka 1644 alitoa orodha: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127, 257. Mpaka 31 yuko sawa. Baada ya hapo 67 na 257 si zenyewe, na ameruka 61, 89 na 107.

Yaani wakati huo 2,147,483,647 ilikuwa tasa ya kusadikika. Wote wawili waliitaja, hakuna aliyeithibitisha.

Binti Hesabu

Mwalimu shikamoo. Kwa hiyo waliotengeneza kompyuta waliichagua kwa sababu ni tasa?

Mwalimu Chaki

Marahaba binti. Hapana, hawakuichagua. Wao walitaka biti 32, kilichobaki kikaja chenyewe.

Pima kwa ndugu zake. Biti 16 ukingo wake ni 32,767, nayo ni 7 × 31 × 151. Biti 64 ukingo wake ni 9,223,372,036,854,775,807, nayo unaigawanya kwa 7, na jibu unaligawanya kwa 7 tena, bila baki. Kosa liko kwenye kipeo: 15 ni 3 × 5, 63 inagawanyika kwa 3, na kipeo kikigawanyika kwa 3 basi 2^3 − 1, yaani 7, lazima imo ndani. Ukubwa wa biti umepanda kwa maradufu, 4, 8, 16, 32, 64, 128, vipeo vikawa 3, 7, 15, 31, 63, 127. Vya 15 na 63 vimeanguka. Vya 3, 7, 31 na 127 vyote vimetoa tasa.

Na hapa ndipo mimi huwa naweka chaki chini nikae. 3, 7, 31 na 127 zenyewe ni tasa za Mersenne! 31 ni 2^5 − 1. Kwa hiyo namba ya simu ya mama wa vitenge ni tasa ya Mersenne ambayo kipeo chake nacho ni tasa ya Mersenne. Za namna hiyo zinajulikana nne tu duniani, ndizo hizo. Zinazofuata, za kipeo 8191, 131071 na 524287, zimeshaonekana zina vigawo.

Kitunguu Maji

Na ukipanda ngazi moja tena? Ukifanya 2,147,483,647 yenyewe kuwa kipeo?

Mwalimu Chaki

Unapata namba ya tarakimu zaidi ya milioni mia sita, na si tasa. Ina kigawo 295,257,526,626,031. Toa moja kwenye hicho kigawo, gawanya kwa 2,147,483,647, utapata 137,490 kamili. Kwa nini itoke kamili, utaona nikifika kwa Euler.

Mzigua wa Mjini

Nifike hapohapo mwalimu. Bila kikokotoo mtu anajuaje kwamba namba ya bilioni mbili haina kigawo? Au alikaa anagawanya tu mpaka akazeeka?

Mwalimu Chaki

Kuzeeka alikuwa ameshazeeka. Leonhard Euler, mwaka 1772, yuko St. Petersburg, umri miaka sitini na zaidi, macho karibu yote yamekwenda. Taarifa yenyewe ilitoka kwenye barua yake kwa mwanahisabati mwenzake, Bernoulli.

Njia ya kawaida ni kujaribu kila tasa mpaka ufike kipeuo cha pili cha namba. Kipeuo cha hii ni 46,340 na pointi. Tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800. Kugawanya tarakimu kumi kwa mkono mara 4,800 ni adhabu. Euler akaweka vichujio viwili kwanza. Nendeni nami taratibu, hakuna hesabu ya chuo humu.

Tuseme kuna tasa q inayoigawanya 2^31 − 1. Maana yake 2^31 ukiigawanya kwa q inabaki 1. Sasa andika baki za 2, 4, 8, 16 na kuendelea, zote kwa q. Zitazunguka, zikirudi kwenye 1 kila baada ya hatua zilezile. Tunajua kwenye hatua ya 31 zipo kwenye 1, kwa hiyo urefu wa mzunguko unagawanya 31. Lakini 31 ni tasa! Mzunguko ni wa hatua 1 au 31, na wa hatua 1 hauwezekani. Basi ni 31. Fermat alishatuonyesha kwamba 2^(q−1) nayo huacha baki 1 kwa q, kwa hiyo 31 inagawanya q − 1. Na q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwa hiyo 62 nzima inagawanya q − 1. Kila kigawo lazima kitoke kwenye msururu 63, 125, 187, 249, 311...

(Mzee Kitunguu, ndiyo maana ile ya kwako ilitoka kamili. Kigawo ukitoa moja lazima kigawanyike kwa kipeo.)

Kichujio cha pili ndicho kitamu. 2^31 inabakiza 1, kwa hiyo 2^32 inabakiza 2. Lakini 2^32 ni mraba wa 2^16. Yaani mbele ya q, namba 2 ina hadhi ya mraba. Hilo hutokea tu kwa tasa ambazo ukizigawanya kwa 8 zinabakiza 1 au 7. Unganisha na kichujio cha kwanza, vinabaki vigawo vya aina mbili: 248m + 1 au 248m + 63.

Hesabu zilizo kati ya 249 na 46,340: ni 372, tena zenyewe nyingi si tasa, zinajiondoa. 249 ni 3 × 83. 497 ni 7 × 71. 559 ni 13 × 43. Ya kwanza yenye haki ya kujaribiwa ni 311: inaingia mara 6,905,092, baki 35. Haimo. Mpaka upate nyingine unaruka hadi 1303: mara 1,648,107, baki 226. Haimo. Halafu 1489, unaendelea. Kazi ya adhabu imegeuka kazi ya siku chache kwa mtu mwenye msaidizi na subira. Zote zikaacha baki, na 2,147,483,647 ikatangazwa tasa, kubwa kuliko zote zilizojulikana, cheo ilichokaa nacho zaidi ya miaka sabini.

Zoezi kwa wanaotaka: mfanyieni Cataldi hivyohivyo kwenye 2^29 − 1, ambayo ni 536,870,911. Tumieni kalamu.

Ndimu Kavu

Nilikuja kusoma habari za freemason nimepewa homework.

Msafiri wa Ungo

248! Subirini kwanza. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787: umeme wa ndege ukiachwa ukiwaka mfululizo siku 248, vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima vyote kwa pamoja, hata ndege ikiwa hewani. Dawa ilikuwa kuzima na kuwasha kabla ya siku hizo. Na Euler naye 248? Hii siyo bure.

Kisimani

Hiyo ya ndege hesabu yake iko wazi. Kihesabio kinachohesabu sehemu za mia za sekunde kikifika 2,147,483,647 kimekwenda siku 248 na nusu. Kikihesabu kwa sehemu za elfu ni siku 24 na saa 20 na dakika 31. Ukiona mashine yoyote inagoma kila baada ya siku 24 au 25, anzia hapo.

Mwalimu Chaki

Na 248 ya Euler ni 8 × 31. Ile nyingine imetoka kwenye 2^31 kugawanywa kwa sekunde 86,400 za siku na kwa 100. Saa ingekuwa na dakika 50 usingeiona. Msafiri, hiyo ni sadfa, ila ni sadfa nzuri, nitaiiba nikafundishie.

Kitunguu Maji

Na ya 2038 je? Ni kweli au ni kama ile ya mwaka 2000?

Kisimani

Ni kweli, na ni namba ileile. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Kwenye biti 32 sekunde ya mwisho ni ya 2,147,483,647, na kwa saa zetu itakuwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili asubuhi na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa unaruka kwenye hasi 2,147,483,648 na kusoma kwamba tuko 1901, Ijumaa, 13 Desemba. Simu na kompyuta za biti 64 zilishavuka. Wa kuangaliwa ni vile vijimashine vya biti 32 vilivyofungwa ukutani ambavyo hakuna anayevikumbuka.

Ndimu Kavu

Ijumaa tarehe 13. NILISEMA.

Halafu mnakumbuka 2014, video ya Psy wa Korea Kusini ilipopita watazamaji 2,147,483,647 YouTube? Ikabidi kihesabio kihamishiwe biti 64.

Mtunza Leja

Sasa mmenitia hofu. Safu ya fedha nayo kama ni INT? Mbona simu inagota kwenye namba moja lakini saa inaruka kwenye hasi?

Kisimani

Swali la mhasibu kweli. Kugota ni tabia ya kanzidata ile isiyo na ukali. Ndani ya programu zenyewe mara nyingi namba haigoti, inazunguka: ukivuka ukingo kwa moja unatokea upande wa pili kabisa, kwenye hasi.

Niliwahi kuitwa kuangalia mfumo wa kikundi fulani cha kuweka na kukopa. Aliyeutengeneza aliamua kuhifadhi fedha kwa senti ili akwepe pointi. Wazo si baya, ila alitumia biti 32. 2,147,483,647 kwa senti ni shilingi 21,474,836 na senti 47 tu. Hapa kwetu hiyo ni bei ya pikipiki chache. Mkopo wa milioni 22 ukiuweka humo ni senti bilioni 2.2, unavuka ukingo, unazunguka, unasomeka hasi 20,949,672.96. Mwanachama amekopa milioni 22, taarifa inasema yeye ndiye anakidai kikundi karibu milioni 21. Na alikuja na karatasi yake mkononi kudai!

Kwa hiyo ndiyo, kaangalie safu ya fedha leoleo. Iwe DECIMAL, aina ya safu inayotunza namba pamoja na pointi zake kamili.

Mtunza Leja

😳 Naenda.

Binti Hesabu

Mwalimu alisema utasa wake ulikuja wenyewe. Niongezee kwamba watu wa takwimu waliutumia kwelikweli.

Mashine haiwezi kurusha dadu, inaigiza. Njia moja ya zamani, ya D. H. Lehmer, iliyopigiwa debe na Park na Miller mwaka 1988: anza na 1, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, chukua baki, rudia. Inakuja 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, kisha 984943658... Ukitazama huoni mpangilio.

16,807 ni 7 kwa kipeo cha tano. Kwa kuwa 2,147,483,647 ni tasa, na 7 ina tabia nzuri kwake, msururu hupita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndipo urudi kwenye 1. Kama ukingo ungekuwa na vigawo, kama ule wa biti 16, msururu wa kuzidisha tu hauwezi kuzizungukia zote. Kwenye kompyuta ya biti 32 ulipata tasa kubwa kuliko zote zinazoingia, ipo palepale ukingoni, huhitaji kuitafuta. Kwa mambo ya siri kama nywila usiitumie, anayeona namba moja anazijua zote zinazofuata. Kwa kujifunzia kuigiza foleni ya benki inatosha sana.

Mwalimu Chaki

Safi sana binti. Na kwa nini 7 inafaa? Toa moja: 2,147,483,646 ni 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Vigawo tasa saba, unajaribu kila kimoja, unaona hakuna njia ya mkato inayorudisha 7 kwenye 1 mapema. Tazama 31 ilivyo humo pia, kama tulivyosema kwa q.

Nimalizie na la Barlow maana huwa linanichekesha. Tasa ya Mersenne yoyote inazaa namba kamilifu, yaani namba inayolingana na jumla ya vigawo vyake bila yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Ya kwetu inazaa ya nane: 2^30 × 2,147,483,647, yaani 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa kuwa hizi namba ni za udadisi tu hazina faida, hivyo hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Lucas alijisumbua 1876 akapata kipeo 127. Pervushin wa Urusi alijisumbua 1883 akapata 61. Oktoba 2024 Luke Durant wa GIMPS, mradi wa kutafuta tasa za Mersenne kwa kompyuta za watu wa kujitolea, alipata kipeo 136,279,841, tasa ya tarakimu 41,024,320. Hiyo ni tasa ya Mersenne ya 52 kujulikana.

Mzigua wa Mjini

Hao wa GIMPS wanatumia vichujio vya Euler mpaka leo?

Mwalimu Chaki

Kwa mchujo wa mwanzo, ndiyo, vilevile. Kwa kipimo kizito siku hizi wanaanza na kipimo cha aina ya Fermat, na inayopita wanaithibitisha kwa kipimo kilichotokana na kazi za Lucas. Kipimo cha Lucas na Lehmer ni hiki: anza na 4, ipige mraba, toa 2, chukua baki kwa namba unayoipima, rudia hatua p − 2. Ukifika sifuri, ni tasa. Jaribu kwa 31, ambayo p yake ni 5, hatua tatu: 4 inatoa 14. 14 inatoa 194, baki yake kwa 31 ni 8. 8 inatoa 62, baki sifuri. Imekubali. Kwa 2,147,483,647 ni hatua 29 tu. Euler angekipata kipimo hicho angelala mapema.

Mtunza Leja

Mrejesho: safu ya fedha ni DECIMAL, tumepona. Ya simu imegeuzwa maandishi, sasa tunapiga upya namba kutoka kwenye karatasi. Meneja anauliza kama kuna mtu wa kumlipa, nimemwambia awape mwalimu na Kisimani soda.

Kitunguu Maji

Jibu la zoezi, nimefanya kwa kalamu kwenye daladala. Kipeo 29, kwa hiyo vigawo ni 58k + 1, na kwa 8 vibakize 1 au 7. 59 inabakiza 3, nje. 117 inabakiza 5, nje. 175 inabakiza 7 lakini inagawanyika kwa 5, nje. 233 inabakiza 1 na ni tasa. Nikagawanya: 536,870,911 kwa 233 ni 2,304,167, baki hakuna.

Yaani tasa ya kwanza tu iliyopita kwenye vichujio ndiyo inamwangusha Cataldi.

Mwalimu Chaki

Vema sana. Hiyo 2,304,167 usiiache, nayo inavunjika: 1103 × 2089. Toa moja kwenye kila kimoja uone 58 inaingia mara ngapi.

Kitunguu Maji

19 na 36.